Usafishaji wa Maji ya Visima Kaskazini Mashariki mwa Kenya: Mtambo Pekee Hautoshi

Utangulizi

Kila ukame unapoikumba Kaskazini Mashariki mwa Kenya, kauli zinazosikika aghalabu ni mbili: visima zaidi vichimbwe, na mitambo ya kusafisha maji iletwe. Kauli hizo zina ukweli, ila hazijakamilika. Kisima kilichochimbwa mahali pasipofaa huwa chanzo cha maradhi, na mtambo uliowekwa bila kujulikana unapambana na uchafu gani huwa pambo la gharama kubwa. Makala haya yanadai kwamba ufanisi wa mfumo wowote wa kusafisha maji ya chini ya ardhi haupimwi kwa ukubwa wa mtambo. Hupimwa kwa mambo mawili: kiasi cha uchafu uliozuiwa usifike kisimani, na hali ya maji yanapofika katika kikombe cha mnywaji.

Maji ya Aina Mbili, Hatari za Aina Mbili

Mji wa Garissa una bahati ya kukaa kando ya Mto Tana. Anayeuacha mto huo akashika njia ya Dadaab, Habaswein au Wajir hukuta malaga, yaani mikondo ya msimu ambayo hubeba maji kwa siku chache kisha ikarudi kuwa mchanga mtupu. Huko, uhai wa watu na mifugo hutegemea mabwawa ya kukusanyia mvua, mabirika na visima. Hata majina ya mahali yanashuhudia hayo. Jina la mji wa Elwak, ulioko katika Kaunti ya Mandera, limebeba ndani yake neno la Kikushi lenye maana ya kisima.

Hata hivyo, maji ya chini ya ardhi katika eneo hili si ya namna moja. Mjini Wajir, maji yako mita chache tu chini ya uso wa ardhi, ndani ya mwamba wa chokaa, hivyo visima vingi vimechimbwa kwa mkono. Ukaribu huo ni neema, na papo hapo ni balaa. Choo cha shimo kikichimbwa, kinyesi hukutana na maji. Ndiyo sababu kwa miongo mingi wakazi wengi wa mji huo walitumia vyoo vya ndoo, ambavyo navyo hufurika na kumwagika wakati wa mvua. Isitoshe, mwamba wa chokaa una nyufa, na uchafu unaopita kwenye nyufa hauchujwi kama unavyochujwa ule unaopenya polepole kwenye mchanga.

Hali ni tofauti katika hazina ya Merti, ambayo imetandaa kutoka Isiolo, ikapita chini ya sehemu za Wajir na Garissa, hadi kuvuka mpaka wa Somalia. Maji yake yako kwenye kina cha zaidi ya mita 100 katika sehemu nyingi, kwa hiyo uchafu wa juu huyafikia kwa shida. Hatari yake kuu ni chumvi. Maji matamu ya Merti yamezungukwa na maji ya chumvi, na pampu zikivuta kupita kiasi, chumvi husogea kuelekea visimani. Kambi za Dadaab, zilizoanzishwa kuanzia mwaka 1991, hunywa kutoka katika hazina hiyo, kama wanavyokunywa wenyeji na mifugo wao. Mwaka 2011, njaa ilipoikumba Somalia, wakimbizi wa Dadaab walipindukia 400,000. Ni miji michache ya Kenya iliyo na watu wengi kiasi hicho, na hakuna inayotegemea visima pekee kwa namna hiyo.

Maadamu hatari ni mbili, tiba haiwezi kuwa moja.

Kasoro za Tiba Zilizozoeleka

Tiba ya kwanza ni klorini, ambayo wengi huiita dawa ya maji. Hapana shaka dawa hii imeokoa maisha ya watu wengi. Kipindupindu kilipozuka Dadaab mwishoni mwa mwaka 2015 na mjini Mandera mwaka 2016, klorini ilikuwa silaha ya lazima. Lakini dawa hii ina masharti yake. Maji yakiwa na tope au kinyesi kingi, klorini huishia kupambana na uchafu huo kabla ya kuwafikia bakteria. Maji yakiwa na magadi mengi, nguvu yake hupungua. Nayo ikimiminwa mara moja katika kisima kinachotekwa kutwa kucha, hupungua kadiri maji mapya yanavyoingia, na baada ya siku chache kisima hurudia hali yake ya awali. Kumimina dawa kisimani kila mara kipindupindu kinapozuka, bila kukigusa choo kilicho jirani, ni sawa na kupiga deki ilhali paa linavuja.

Zaidi ya hayo, klorini haiondoi nitrati, kemikali inayotokana na kinyesi na mkojo uliooza. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita moja ya maji, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga, kwa kuwa nitrati huizuia damu yao kubeba oksijeni ipasavyo. Kuchemsha maji nako hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke, nitrati ikabaki palepale. Mama aliyechemsha maji akatia na dawa hudhani amemkinga mwanawe kwa kila hali, kumbe amemkinga na vijidudu tu.

Tiba ya pili ni mitambo ya kuondoa chumvi, ambayo husukuma maji kwa nguvu yapite katika utando wenye vitundu vidogo mno. Mitambo hii huondoa chumvi pamoja na nitrati, lakini hudai umeme mwingi, tando za kubadilishwa na fundi anayeelewa kazi yake. Tena sehemu ya maji yaliyoingia, ambayo huweza kufika robo au hata nusu, hutoka ikiwa na chumvi kali kuliko mwanzo. Maji hayo yakimwagwa nyuma ya mtambo, hupenya ardhini na kurudi kulekule yalikotoka. Mfumo wa aina hiyo husafisha kwa mkono wa kulia na kuchafua kwa mkono wa kushoto.

Wapo watakaosema kwamba nchi tajiri zimelitatua tatizo hili kwa teknolojia. La hasha. Mwaka 1994, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti juu ya mahali 77 ambapo maji ya ardhini yaliyochafuliwa yalikuwa yakipampwa na kusafishwa. Katika mahali 69 kati ya hapo, lengo lilikuwa bado halijafikiwa. Uchafu ulikuwa umejificha katika udongo na nyufa za miamba, ukitoka kidogo kidogo kila pampu zilipovuta. Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Uchafu nao ukishaingia ardhini, kuuzoa ni kazi ya miongo.

Mapendekezo

Kwanza, usafishaji uanzie chooni. Mjini Wajir na kwingineko ambako maji yako karibu, panahitajika vyoo vilivyoinuliwa juu ya ardhi, vyenye matangi yasiyovuja, na mahali maalumu pa kutibia kinyesi mbali na visima. Visima vyenyewe vijengewe kuta na vifuniko, na mifugo iwe na hori zake kando. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe katika suala hili ni mtambo wa mamilioni.

Pili, vipimo vitangulie ununuzi. Mwaka 2013 ilitangazwa kwa shangwe kwamba hazina kubwa ya maji imegunduliwa Lotikipi, Turkana. Uchimbaji uliofuata ulionyesha kwamba maji hayo yana chumvi nyingi. Somo lake ni wazi. Kila kisima kipimwe chumvi, nitrati na bakteria, wakati wa kiangazi na wakati wa masika, kabla ya kuamuliwa kitibiwe vipi. Katika visima vya Merti, chumvi ikianza kupanda, dawa ya kwanza iwe kupunguza saa za pampu na kugawanya mzigo kwa visima vingine.

Tatu, klorini itiwe kidogo kidogo na mfululizo katika tangi, kisha ipimwe nyumbani. Tafiti zilizofanywa katika kambi za wakimbizi za Sudan Kusini, Yordani na Rwanda zilionyesha kwamba dawa inayotosha bombani huweza kuwa imekwisha maji yanapofika katika mtungi wa familia. Kipimo cha bombani pekee humridhisha mpimaji, hakimkingi mnywaji.

Nne, elimu ya kazi hii ifike kwa lugha inayoeleweka. Maelekezo ya pampu na vipimo aghalabu huwa kwa Kiingereza, ilhali anayevishika ni mlinzi wa kisima au mwanakamati wa maji anayezungumza Kisomali, na pengine Kiswahili. Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu usiokwepeka. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kwa hivyo msingi upo. Kinachohitajika ni miongozo mifupi itakayoandaliwa pamoja na Wasomali wenyewe. Lugha hizi mbili si wageni kabisa. Birika la Mswahili na berkad ya Msomali ni ndugu, kwani yote mawili yametokana na neno moja la Kiarabu.

Hitimisho

Huenda pakatokea hoja kwamba mwenye kiu haulizi usafi wa maji, kwa hiyo wingi utangulie na ubora ufuate. Hoja hiyo ina huruma ndani yake, lakini inasahau kwamba mtoto anayeharisha hupoteza maji yaleyale aliyoteketewa kwa safari ya mchana kutwa. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Haikutenganisha usafi na utoshelevu, wala serikali za kaunti hazina ruhusa ya kuvitenganisha. Bajeti za maji za Garissa, Wajir na Mandera hazina budi kutenga fedha za vyoo, vipimo na mafunzo sambamba na zile za pampu na mitambo. Bila hivyo, kila mtambo mpya utakuwa unafukuzana na uchafu ambao ungezuiwa kwa saruji, kifuniko na mlinzi anayejua kusoma kipimo.