iPhone ao Android: tuhesabu miaka, tusihesabu jina

Mu bisi ya wafanyakazi na mu kantini, mabishano haiko tena paka juu ya Mazembe na Lupopo. Siku hizi vijana wetu wamegawanyika fasi mbili: hawa ni wa iPhone, wale ni wa Android. Mwenye kushika iPhone, hata kama kioo kimepasuka, anaonekana mutu wa maana. Mwenye kushika Tecno anachekwa. Tungeyaacha hivyo, ni mambo ya vijana, kama hayangekula mushahara. Lakini yanakula. Tunayaona kila wakati wa paye: mutu anagusa feza ya minerval ya watoto, anachukua iPhone ya okazyo, na kisha miezi michache anakuja kutuuliza juu ya nini haoni tena matangazo ya sendika mu WhatsApp.

Ile swali iko na jibu, na jibu liko na tarehe. Tarehe 5 mwezi wa 5 mwaka 2025, WhatsApp iliacha kufanya kazi mu iPhone 5s, iPhone 6 na iPhone 6 Plus. Sababu ni kwamba telefone zile hazipandi kupita iOS 12, na WhatsApp sasa inaomba angalau iOS 15.1. iPhone 6s, iliyotoka mwaka mumoja tu nyuma ya iPhone 6, inafika iOS 15, nayo ikabaki ndani. Tofauti ni herufi moja mu jina, na muuzaji wa okazyo hatakuambia. Kwa upande wa Android ni vilevile: tangu mwanzo wa 2025, telefone yenye Android 4 haipati tena WhatsApp.

Kwa mutu wa ofisi, kukosa WhatsApp ni kukosa vichekesho na picha za harusi. Kwetu ni kukosa kujua kama posti ya usiku imebadilishwa, kama kuna mukutano mbele ya mazungumuzo na sosiete, ao siku gani tunachagua ba delege. Njo maana sendika inajiingiza mu mambo ya telefone.

Tuseme kwanza ni nini tunabishania. iOS na Android ni sistemi, maana yake programu kubwa inayoamusha telefone na kubeba zingine zote. iOS ni ya Apple, na inaingia paka mu iPhone. Android ni ya Google, na inawekwa mu telefone za watu wengi: Samsung, Xiaomi, Tecno, Itel, Infinix. Zile tatu za mwisho, tuseme kwa kupita, ni watoto wa mama mumoja: kampuni Transsion ya Shenzhen, kule China. Wanaopigana juu ya Tecno na Infinix wanapoteza mate. Kulikuwa pia sistemi zingine zenye jina kubwa. Mwenye kuwa na BlackBerry mu mwaka wa 2010 alikuwa anatembea kama waziri, na mwezi wa 1 mwaka 2022 zile BlackBerry za zamani zilizimiwa kazi na kampuni yao wenyewe.

Sasa tutoe haki kwa iPhone, juu tusionekane tumekuja kuichafua. Apple inalisha telefone zake miaka mingi. Ile iPhone 6s ilitoka 2015 na iOS 9, ikapanda mpaka iOS 15 ya 2021. Android ya bei ndogo, ile tunayouziwa ku soko, mara nyingi inapata sistemi mupya mara moja, ao haipati kabisa. Ni kweli Google iliahidi miaka 7 kwa Pixel 8, na Samsung nayo ikaahidi miaka 7 kwa Galaxy S24, lakini zile bei si za mutu wa posti tatu. Basi mwenye kusema iPhone inadumu hasemi uongo. Anasahau tu kwamba iPhone anayoinunua imekwisha kuishi kwa mutu mungine. Miaka imekwisha kuliwa Ulaya ao Marekani, na sisi tunalipa jina na mabaki.

Botte ya kazi, hakuna mutu anaichagua juu ya rangi. Tunaangalia kama chuma ya mbele iko nzima na kama itamaliza mwaka. Telefone ni vile. Swali la kwanza ku duka: modeli hii ilitoka mwaka gani, na sistemi yake imefika wapi? Kama muuzaji hajui, mutoto yeyote wa masomo atakutafutia mu dakika mbili.

Ku okazyo kuko mitego ingine, na tunaandika zile zinazotuumiza sana. Ya kwanza ni kufuli ya Apple. Tangu 2013, iPhone iliyofungwa na konti ya mwenyewe wa zamani haifunguki bila neno la siri lake, hata ukifuta kila kitu. Unabaki na kipande cha kioo. Android nayo iko na kufuli ya namna ile ku konti ya Google. Kwa hiyo usilipe mbele muuzaji atoe konti yake mbele ya macho yako, na wewe uingize yako palepale.

Ya pili wengi hawaijui. iPhone 14 na zile za nyuma yake zilizotengenezwa kwa kuuzwa Marekani hazina tundu la kuingiza SIM. Hakuna kabisa. Zinataka SIM ya ndani, isiyoshikika na mukono. Na sisi huku tunaishi na SIM mbili ao tatu, moja ya M-Pesa, moja ya Airtel Money, moja ya Orange, juu rezo moja ikianguka ingine inashika. Android nyingi za bei ndogo ziko na fasi ya SIM mbili. Ukiletewa iPhone kutoka Marekani, geuza pembeni zote utafute tundu mbele ya kutafuta bei.

Ya tatu ni betri. Apple wenyewe wanasema betri za iPhone 14 na za mbele yake zimefanywa kubaki na 80 kwa mia ya nguvu kisha kujazwa mara 500. Ukijaza kila siku, mara 500 haifiki miaka miwili. Fungua « Réglages », ingia mu « Batterie », soma ile hesabu. Ikiwa chini ya 80, hesabu na bei ya betri mupya. Tena kuko kura: mu nyumba zetu inakatika usiku kucha. iPhone 6 iko na betri ya 1810 mAh. Android nyingi za bei ya chini leo ziko na 5000. iPhone inakula polepole, tunakubali, lakini si polepole ya kufuta tofauti ile. Na siku kioo kinavunjika, fundi wa barabarani iko na kioo cha Tecno ao Samsung mu sanduku lake.

Fasi moja Android inatuumiza sana: mulango wake uko wazi. Unaweza kuingiza programu iliyotumwa na rafiki, bila kupita ku duka la Google. Njo vile programu za kukopesha feza na za kubeti zinaingia, zinasoma namba zote za jamaa yako. iPhone inafunga mulango ule. Wenye Android, musipokee programu mu grupu, hata ikitoka kwa shefu wa ekipe. Na wale wa GB WhatsApp: WhatsApp yenyewe inafunga konti za wanaotumia programu ile, na namba yako inapotea na mazungumuzo yote.

Mu mikutano kuko wanaouliza swali lingine: gani kati ya hizi mbili haikuli jasho letu? Karibu robo tatu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na inaingia mu betri za telefone za pande zote mbili. Mu mwezi wa 12 mwaka 2019, familia za watoto waliokufa ao kuvunjika mu mashimo ya kobalti zilishitaki kampuni tano ku tribinali ya Washington. Apple na mwenyewe wa Google walikuwa ndani, ku benchi moja, pamoja na Microsoft, Dell na Tesla. Mwezi wa 3 mwaka 2024 tribinali ya rufaa ilikataa mashitaka. Apple iliahidi pia kwamba kufika 2025 betri inazozichora zitakuwa na kobalti ya kurudilishwa tu, ile inayotolewa mu vitu vya zamani. Ulaya walipiga makofi. Kwa mutu wa Kolwezi neno lile liko na pande mbili, juu kobalti ya kurudilishwa haihitaji mutu wa kuichimba. Ku duka, basi, hakuna telefone ya kutuosha mikono. Kazi ile iko ku meza ya mazungumuzo na ku inspeksyo ya kazi.

Telefone ni shahidi wetu pia. Fotokopi ya biletini ya mushahara inapotea, picha inabaki na tarehe yake. Lakini ukihama kutoka Android kwenda iPhone, ile akiba ya WhatsApp iliyo ku Google haifunguki kule; kuko njia yake ya kuhamisha, ifanywe mbele ya kuuza telefone ya zamani. Google inakupa giga 15 bure, Apple giga 5. Picha za biletini, za sertifika ya munganga na za barua ya onyo zijitumie mwenyewe ku imeli, na moja moja ichapwe ku karatasi. Baba akifa mu kazi, mama anabaki na telefone asiyojua kuifungua; siri ya konti iandikwe na ikae nyumbani.

Na kwa wakubwa wa sosiete tunaomba kitu kimoja. Wamoja wameanza kutangaza mambo ya kazi mu WhatsApp tu. Sheria ya kazi ya 2002 inataka mufanyakazi apewe hesabu ya mushahara wake kwa maandishi, na haisemi anunue telefone mbele ya kuipata. Mwenye telefone ya toshi ni mufanyakazi muzima. Karatasi ibaki, na tangazo libandikwe ku valve, fasi kila posti inapita. Matangazo ya sendika yanaendelea kubandikwa pale kila siku ya kwanza ya juma, na delege wa kila posti atayasoma kwa sauti mbele ya bisi kuondoka.