Paka Aliyekufa Azikwe

Wiki iliyopita niliitwa kuamua kesi ya paka aliyewekwa kwenye friji.

Msicheke. Jirani yangu hapa Nyamirambo, Kigali, ana duka dogo, na binti yake wa miaka tisa alikuwa na paka wa kijivu aliyemwokota kwenye mtaro kule Biryogo, macho yakiwa hayajafumbuka vizuri, akamlea kwa maziwa ya kijiko. Jumatatu motari mmoja, mwendesha pikipiki mwenye haraka zake, alimgonga paka yule mbele ya duka wala hakusimama. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Kaka yake, kijana wa chuo mwenye huruma kuliko busara, akasoma kwenye simu yake kwamba Marekani kuna kampuni inayoweza kutengeneza paka mwingine sawasawa na yule aliyekufa, ila mwili usioze wala usigande barafu, uwekwe penye baridi kwa siku chache tu. Basi akamfunga paka ndani ya mifuko, akamlaza chini kabisa ya friji ya duka, nyuma ya soda. Jumatano mteja akataka soda baridi. Mengine mtayakisia.

Baba alitaka paka atupwe saa ile ile. Mtoto alikuwa amekumbatia mlango wa friji. Kijana alikuwa anapiga hesabu ya dola. Ndipo nikaitwa mimi, na mtoto akaniuliza, "Babu, si kweli wanaweza kumrudisha?"

Kijana hakudanganya. Tangu kondoo Dolly azaliwe Scotland mwaka 1996 katika Taasisi ya Roslin, jambo hili limetoka kwenye hadithi likaingia maabara, na kutoka maabara likaingia sokoni. Huchukuliwa kipande kidogo cha ngozi ya mnyama wako. Huchukuliwa yai la jike mwingine, likatolewa kiini chake, na mahali pake kikawekwa kiini cha seli ya mnyama wako. Umeme kidogo hupitishwa ili vishikamane na vianze kugawanyika. Kiinitete hicho hupandikizwa katika tumbo la jike wa tatu, naye hukibeba mpaka azae. Anayezaliwa huitwa kloni, yaani nakala. Paka wa kwanza wa namna hii alizaliwa Texas mwezi Desemba 2001, na mbwa wa kwanza alizaliwa Seoul, Korea Kusini, mwezi Aprili 2005. Mwimbaji Barbra Streisand alieleza mwaka 2018 kwamba mbwa wake wawili wadogo ni nakala za mbwa wake Samantha aliyekufa mwaka uliotangulia. Bei inayotajwa huko Marekani ni dola 50,000.

Najua watakaosema: hayo ni mambo ya wazungu na mbwa wao, yanatuhusu nini sisi? Nasema yanatuhusu, na sisi Wanyarwanda ndio tusio na haki ya kumcheka mtu anayempenda mnyama. Ni nani aliyesalimiana kwa kutakiana ng'ombe? Mwenzako akikwambia "Amashyo" anakutakia makundi ya ng'ombe, nawe ukimjibu "Amashongore" unamtakia makundi ya majike, yaani yatakayozaa. Mtu akitaka kuapa kwa jambo zito huapa kwa yule aliyempa ng'ombe. Nendeni Nyanza, pale Rukari kwenye makumbusho ya mfalme, mkawaone inyambo na pembe zao ndefu, na mchungaji anavyowaimbia. Kila mmoja ana jina, na jina lenyewe si neno moja la kuitia, ni shairi. Nimemwona mzee mwenye mvi kichwa kizima akimsifu ng'ombe huku machozi yanamtoka. Na nyumba iliyopokea ng'ombe wa Girinka, mpango ulioanza mwaka 2006, haimhesabu ng'ombe yule kama kiti au meza. Akifa, nyumba hunyamaza.

Kwa hiyo simlaumu kijana kwa kupenda, wala simlaumu dada yake. Hata sisi Waislamu wa Nyamirambo, ambao kwa mbwa tuna masharti yetu, paka tunamwacha alale kwenye mkeka wa kuswalia, na tunamkumbuka sahaba wa Mtume aliyeitwa Abu Huraira kwa sababu ya paka wake. Mapenzi hayana kosa. Kosa liko katika kile kinachouzwa kwa jina la mapenzi.

Yule paka wa Texas aliitwa CC. Mama wa nakala, ukipenda kumwita hivyo, alikuwa paka wa rangi tatu: nyeupe, nyeusi na ya chungwa. CC alipozaliwa hakuwa na rangi ya chungwa hata unywele mmoja. Madoa ya paka wa rangi tatu hupangwa tumboni kwa bahati nasibu, seli moja ikizima rangi hii na jirani yake ikizima ile, hivyo seli moja uliyoichukua haiwezi kukurudishia zote. Vipimo vya vinasaba vilithibitisha ni nakala halisi. Macho yalikataa. CC aliishi vizuri, akazaa watoto wake, akafa mwaka 2020 akiwa na miaka 18; hakuna aliyemwonea. Lakini aliyengojea paka wake wa zamani arudi mlangoni, alimfungulia mgeni.

Na hiyo ni rangi tu. Tabia je? Huko huko Texas mfugaji mmoja alikuwa na fahali aliyeitwa Chance, mpole kiasi kwamba watoto walipigwa picha wakiwa wamempanda. Alipofikia uzee, wataalamu wa chuo kikuu cha Texas A&M walimtengenezea nakala, iliyozaliwa mwaka 1999, wakaiita Second Chance, yaani nafasi ya pili. Ndama akakua, akalala pale pale alipopenda kulala mwenzake, na wenyewe wakaanza kuamini kwamba Chance amerudi. Kisha siku moja fahali akamrukia bwana wake. Bwana akapona, akamsamehe. Miaka haikupita mingi akamrukia tena, safari hii kwa pembe, akamjeruhi vibaya. Akamsamehe tena! Mchungaji yeyote wa Umutara angemwambia mtu huyo neno moja: fahali huyu humjui. Yeye hakuweza kuambiwa, maana alikuwa anamwona marehemu ndani ya aliye hai, na aliye hai hakupata kuonwa hata siku moja.

Hapo ndipo ninapowasihi mnisikilize vizuri. Kiumbe kinachozaliwa kwa njia hii kinazaliwa na deni. Kabla hakijafumbua macho kimekwisha kupewa jina la mwingine, mto wa mwingine, michezo ya mwingine. Akikwaruza kiti, watasema yule hakuwa anakwaruza. Akikataa kupakatwa, watasema dola zetu zimepotea. Mila yetu ya kwita izina humngoja mtoto siku kadhaa ndipo apewe jina, watu wakiwa wamekusanyika. Tangu mwaka 2005 hata watoto wa sokwe wa milimani tunawafanyia sherehe hiyo kule Kinigi. Huu wa nakala ni utaratibu ulio kinyume: jina linatangulia, mwenye jina anafuata mbio nyuma yake na hatalifikia.

Sasa nije kwenye lile ambalo tangazo la kampuni haliliandiki kwa herufi kubwa. Nakala hubebwa na nani? Yule mbwa wa Seoul, Snuppy, alipatikana baada ya viinitete 1,095 kupandikizwa katika mbwa majike 123. Mimba zilizoshika zilikuwa tatu. Moja ikaharibika, mtoto mmoja akafa siku ya 22, akabaki Snuppy. Ili CC apatikane vilipandikizwa viinitete 87. Najua mikono ya wataalamu imepata ujuzi tangu miaka ile na hesabu si mbaya kama zamani. Lakini wale 123 walikuwa mbwa pia. Walifunguliwa matumbo kwa kisu ili mbwa mmoja aigwe. Majina yao hayakuandikwa popote. Mtu anayesema "nimefanya hivi kwa kuwa nawapenda wanyama" na asimame mbele ya 123 hao aseme tena. Dini yetu inatusimulia mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka mmoja aliyemfungia bila chakula, na mkosaji aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mmoja mwenye kiu. Sikumbuki mahali tulipoambiwa kwamba paka wa mtu mwenye pesa ana haki kuliko paka wa mtaroni.

Habari ya pesa nitaipita upesi, maana inajieleza. Dola 50,000 ni zaidi ya faranga milioni 70. Mchango wa mutuelle, bima yetu ya afya, kwa kaya nyingi kwa miaka mingi ulikuwa faranga 3,000 kwa mtu. Chukueni kalamu mgawanye. Na kama mtu ataniambia pesa ni zake na mapenzi ni yake, basi azitumie kwa wanyama: kichaa cha mbwa bado kinaua watu wengi Afrika na Asia kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa ambao hawakuchanjwa.

Kuna atakayenikosoa kwamba napinga elimu. Hasha. Huko Nairobi, katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, alizaliwa fahali wa nakala wa aina ya Boran, wakamwita Tumaini. Wataalamu hao, wakishirikiana na wale wale wa Roslin, walikuwa wanatafuta njia ya kumpata ng'ombe asiyeuawa na nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, kwa kutumia jeni ya nyani ambaye ugonjwa huo haumshiki. Mbung'o amewamalizia watu mazizi Afrika nzima. Nani atapinga? Tumaini hakutengenezwa ili awe badala ya fahali fulani aliyeliliwa. Alitengenezwa kwa ajili ya ndama ambao hawajazaliwa, na hakuna aliyemtazama machoni akimtafuta marehemu. Ujuzi ni ule ule, kisu ni kile kile. Mmoja anakatia nyama ya wageni, mwingine anajikata kidole.

Tena Rwanda ina kaburi la mnyama linaloweza kutufundisha jambo hili kuliko mimi. Liko juu katika msitu wa Volkano, Karisoke, kati ya Karisimbi na Visoke. Amelala hapo sokwe aliyeitwa Digit, jina alilopewa na Dian Fossey, mtafiti wa sokwe, kwa sababu ya kidole chake kilichopinda. Alimjua tangu akiwa mdogo, akamwona akikua hadi kuwa dume mlinzi wa kundi. Tarehe 31 Desemba 1977 majangili walimvamia na mbwa wao. Digit akabaki nyuma apambane nao ili jamaa zake wakimbie, na miongoni mwao alikuwamo jike aliyeitwa Simba, mwenye mimba yake. (Ndiyo, sokwe aitwaye Simba; Fossey aliwapa baadhi yao majina ya Kiswahili, na hakuuliza ruhusa yetu.) Alikutwa na majeraha matano ya mkuki, kichwa na mikono vimekatwa.

Fossey alikuwa na makosa yake, na wazee wa Musanze wanayo ya kusimulia. Lakini tazameni alichofanya na uchungu wake. Alimzika Digit kwa jina lake, kisha mwaka 1978 akaanzisha mfuko wa kuwalinda waliobaki, akauita kwa jina hilo hilo. Hesabu ya mwaka 1981 iliwakuta sokwe wa Virunga wakiwa kama 250. Hesabu ya 2015 na 2016 iliwakuta 604. Walioifanya kazi hiyo ya ulinzi ni walinzi wa Rwanda, Kongo na Uganda, wengine wamelipia kwa roho zao. Fossey mwenyewe, alipouawa Desemba 1985, alizikwa jirani na Digit. Kati ya hao 604 hakuna aliyetakiwa awe Digit.

Simlinganishi mtu na mnyama, Mungu apishe mbali. Ila sisi wa nchi hii tunajua kuliko wengi maana ya kumzika aliyeondoka kwa jina lake. Kila Aprili, katika kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, tunayasoma majina. Hatuyagawi.

Haya ndiyo niliyomweleza mtoto, kwa maneno mafupi zaidi, tukiwa tumekaa kwenye kreti za soda. Nilidhani ameacha kusikiliza nilipofika kwenye habari ya maabara. Akaniuliza, "Na yule paka wa kubeba mimba, mtoto akishachukuliwa, yeye anabaki na nani?"

Nikamtazama kaka yake. Kijana alizima simu, akaenda nyuma ya nyumba kutafuta jembe.