Jina la Kiswahili, Masharti ya Kiingereza

Mwezi wa Oktoba mwaka 2023 nilikuwa mjini Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, nikingojea gari. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akisuka kiondo karibu nami aliziona karatasi za mtihani mapajani mwangu, akatambua kazi yangu. Alininyoshea simu yake. "Mwalimu, nisomee hapa. Nadhani ni zile pesa za viondo zimeingia."

Hazikuwa pesa za viondo. Ulikuwa ujumbe wa Kiingereza kutoka kwa mkopeshaji mmoja wa simu, ukimwarifu kuwa muda wa deni lake umepita na kwamba jina lake litapelekwa kwenye ile orodha ambayo Wakenya wote, wasomi kwa wasiosoma, huiita CRB. Nilipomfafanulia, hakulikana deni. Alikuwa amekopa shilingi 2,000 kumnunulia mjukuu wake sare ya shule. Kilichomshangaza ni muda. Yeye alifahamu kwamba angelipa embe zikishauzwa. Masharti yalisema siku 14.

"Hizo siku 14 niliambiwa wapi?" akaniuliza.

Kwa haki ya mkopeshaji, aliambiwa. Aliambiwa kwa Kiingereza, katika ukurasa mrefu wa herufi ndogo ambao mwishoni mwake pana mahali pa kubonyeza ili kukubali. Mjukuu alimwonyesha pa kubonyeza, naye akabonyeza.

Msomaji asinidhanie kuwa adui wa maendeleo. Nimeishi Ukambani miaka mingi, na nakumbuka jinsi fedha zilivyosafiri kabla ya tarehe 6 Machi 2007, siku M-Pesa ilipozinduliwa. Kijana aliyefanya kazi Nairobi alimkabidhi dereva wa basi bahasha, akampigia magoti Mungu, kisha akangoja wiki nzima kusikia kama imefika Mwingi au Mutomo. Simu iliikomesha adha hiyo. Mwenye duka la sukari na mafuta ya taa akawa karani wa benki pasipo kuvaa tai. Msukaji viondo akaweza kupokea malipo kutoka kwa mnunuzi asiyewahi kumtia machoni. Haya ni mageuzi ya kweli, na anayeyabeza hajapata kutuma karo kwa mkono wa utingo.

Lakini kuna badiliko moja ambalo hatulizungumzii, nalo limo ndani ya lugha.

Kabla ya simu, mikopo ya vijijini mwetu ilikaa katika daftari la mwenye duka. Mwenye duka alimjua mkopaji, alimjua mumewe, alilijua shamba lake na hali ya mvua. Mapatano yalifanywa kwa Kikamba, kwa maneno ya kinywa: utalipa ukivuna. Na yule asiyekopesha aliyachora masharti yake ukutani kwa herufi kubwa za Kiswahili: "Leo fedha, kesho mkopo." Hapakuwa na mtu aliyeweza kudai hakuyaelewa. Sisemi daftari lile lilikuwa malaika. Wako waliozidisha hesabu. Ila ugomvi ulipozuka, pande zote mbili zilibishana kwa lugha moja.

Biashara mpya haimjui mkopaji kwa sura. Humjua kwa nambari, kwa miamala yake na kwa namna anavyotumia simu. Hesabu hufanywa na mashine, na jibu hupatikana kwa nukta chache tu. Kwa kuwa hapana tena mtu wa kuulizwa, maandishi ndiyo yaliyobaki kuwa mwenye duka. Maandishi hayo yasipoeleweka, mkopaji hana pa kwenda.

Hapa ndipo mwanaisimu hukuna kichwa. Tazama majina ya huduma hizi. M-Shwari ilianzishwa Novemba 2012. Shwari ni utulivu wa bahari. Kuna Okoa Jahazi, mkopo wa muda wa maongezi. Sisi ambao mto wetu Tiva huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka tumekuwa mabaharia hodari! Januari 2019 ikaja Fuliza. Anayeshika kamusi ataona kwamba kufuliza ni kuendelea na jambo bila kusita, na sijui kama aliyelichagua neno hilo alikuwa akiwaza malipo au deni. Majina haya ni matamu, na yamechaguliwa kwa ustadi. Kampuni zetu zilitambua mapema kwamba mlango wa biashara ukiandikwa kwa Kiswahili, watu wataingia.

Mtu akishaingia, lugha hubadilika. Ni kweli kwamba menyu ya M-Pesa humruhusu mteja kuchagua Kiswahili, naye akipokea fedha huambiwa "Imethibitishwa". Hilo ni jema na lisifiwe. Lakini masharti yenyewe ya mikopo ya simu, yale yanayomfunga mtu, yanayoeleza muda, gharama, na nani ataonyeshwa habari zake, mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Kiswahili kimepewa kazi ya kukaribisha wageni. Kiingereza kimeachiwa kazi ya kuwafunga.

Hata neno moja lina uzito wake. M-Shwari ilipoanza ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na malipo hayo yaliitwa ada ya huduma, si riba. Kwa mkopo wa shilingi 1,000 ni shilingi 75, na 75 haimtishi mtu. Lakini anayekopa kila mwezi mwaka mzima atakuwa amelipa shilingi 900 kwa matumizi ya 1,000. Hustler Fund, iliyozinduliwa na serikali tarehe 30 Novemba 2022, ilitangazwa kwa asilimia 8 kwa mwaka. Yamkini mkopo mdogo una gharama kubwa ya kuuendesha, na wataalamu wa fedha watanisuta nikilinganisha embe na nanasi. Hoja yangu ni kwamba riba ni neno ambalo msemaji wa Kiswahili hulikabili kwa hadhari, kwa sababu za dini na za maisha. Ada ni neno la adabu, ndugu wa mila na desturi. Mtu hushtuka kwa riba, ada huilipa.

Nimewahi kuwapa wanafunzi wangu wa tafsiri masharti ya programu moja ya mikopo wayaweke katika Kiswahili. Walinijia wakilalamika kwamba Kiswahili hakina maneno. La hasha! Walikuwa wakitafuta maneno mapya ilhali ya zamani yamelala pwani yakiwangoja: dhamana, mdhamini, rehani, mdai, mdaiwa, arbuni, hawala, hundi, muhula, ridhaa. Kiswahili kilikuwa lugha ya biashara ya mikopo kabla ya benki ya kwanza kujengwa nchini. Hata neno pesa lilivuka bahari kutoka India, likapanda bara, na Mkamba akalifanya mbesa. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kitui, Kivoi wa Mwendwa akiwa mashuhuri kuliko wote, walipeleka pembe za ndovu hadi pwani. Ndiye Kivoi huyo aliyempokea mmishonari Krapf mwaka 1849. Sidhani kama Kivoi angekubali bei ya pembe iliyotamkwa kwa lugha asiyoijua.

Tatizo, basi, si upungufu wa lugha, wala si upungufu wa sheria. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Ibara ya 46 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na huduma. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani iliagiza gharama za huduma za fedha kwa simu zionyeshwe kabla ya mteja kukamilisha muamala. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa iwe huru, mahsusi na yenye ufahamu. Kanuni za 2022 za wakopeshaji wa kidijitali zikapiga marufuku vitisho na ile tabia ya kuwapigia simu jamaa na marafiki wa mdaiwa. Nauliza: ridhaa yenye ufahamu hutolewaje na mtu asiyesoma lugha ya masharti? Benki Kuu, ambayo ndiyo inayotoa leseni kwa wakopeshaji hawa, inaweza kudai kwamba kila mmoja wao aweke masharti kwa Kiswahili fasaha kando ya yale ya Kiingereza, na muda na gharama viwe katika mistari ya kwanza. Gharama yake ni mshahara wa mfasiri mmoja. Nami nina wahitimu tele wasio na kazi.

Nanyi walimu wenzangu wa Kiswahili, tusimngojee Gavana wa Benki Kuu. Karatasi yetu ya lugha ina ufahamu, muhtasari na isimujamii. Kila mwaka tunawafundisha watoto sajili ya benki kwa mazungumzo ya kubuni kati ya karani na mteja dirishani, ingawa wengi wao hawajapata kulikaribia dirisha hilo, na mama zao hukopa jikoni. Kwa nini kifungu cha muhtasari kisiwe masharti halisi ya mkopo wa simu, yaliyofasiriwa darasani? Mwanafunzi ayafupishe kwa maneno 60: kiasi gani, siku ngapi, gharama gani, nini kitatokea nisipolipa. Kisha aupeleke muhtasari huo nyumbani na kuusoma kwa sauti, kwa Kikamba kama ndiyo lugha ya meko.

Wengine wataniambia hili si jambo la Makueni, ni la Nairobi. Nitawaonyesha Konza. Mji wa teknolojia ambao Rais Kibaki aliuzindua Januari 2013 umejengwa Malili, ndani ya kaunti hii hii, na humo mna kituo cha taifa cha kuhifadhia data. Kutoka hapo hadi Wote ni safari fupi ya gari.

Yule mama nilimsaidia kuandika ujumbe wa kuomba muda zaidi. Tuliuandika kwa Kiswahili. Jibu lilikuja kwa Kiingereza, likimtaka abonyeze 1 ili kukubali masharti mapya. Safari hii hakubonyeza. Alinirudishia simu, akachukua kiondo chake, akaniambia nianze kusoma kutoka juu.