Kadi 54 Ndani ya Kiberiti

Wacha niseme mapema ili tusipotezeane wakati: kadi si kamari. Kamari iko kwa simu uliyoshika sasa hivi, na hakuna mwalimu wa zamu, mzee wa kanisa wala chifu anayekuja kuichoma.

Nikiwa kidato cha tatu, katika shule moja ya Trans Nzoia ambayo sitaitaja, naibu wa mwalimu mkuu alitupata nyuma ya bweni tukicheza kadi. Hatukuwa na hata shilingi kati yetu. Aliyeshindwa alitoka kwa duara, mwingine akaingia, basi. Kadi zikachomwa mbele ya wanafunzi wote, sisi tukatumwa nyumbani wiki mbili, na barua ya kupelekea wazazi ikasema tumepatikana “tukicheza kamari”. Mamangu aliisoma mara tatu.

Miaka michache baadaye, nikiwa chuo, pesa ya HELB iliingia kwa akaunti yangu Jumanne. Ijumaa usiku ilikuwa imeisha yote, imebebwa na kale kandege kanakopaa kwa skrini na kupotea kabla hujabonyeza. Hakuna aliyenipata nyuma ya bweni. Hakuna barua. Kitu pekee nilichotumiwa ni meseji ya kunikaribisha tena, na bonasi juu. Semista iliyofuata sikurudi. Simsingizii mtu, kidole kilichobonyeza ni changu. Lakini nauliza: kati ya hizi mbili, ipi ndiyo ilistahili kuchomwa?

Hata sheria haiko upande wa yule naibu. Sheria ya Kenya ya kamari ya 1966 iliita kamari mchezo wa bahati unaochezwa ili kushinda pesa au kitu chenye thamani ya pesa. Mwaka 2025 tukapata sheria mpya, na hiyo inashughulikia kamari ya mtandaoni na matangazo yake. Wasee wanne wanaocheza bure kwa stage ya matatu hawako hapo.

Tena kadi, jinsi tunavyoicheza sisi, ni kitu cha kujivunia. Wenzetu wa Pwani walipata karata kutoka kwa Wareno, na maneno yamebaki mpaka leo: karata, kopa, turufu, shupaza. Sisi huku juu tukachukua pakiti ileile na kucheza mchezo ambao Mkenya yeyote anaujua na hakuna aliyemfundisha kwa kitabu. Kila mtu anapewa kadi nne. Mbili inamla mwenzako kadi mbili, tatu inamla tatu, joka inamla tano. Jeki inaruka mtu, kingi inarudisha mchezo ulikotoka. Nane na kwini ni maswali, lazima ujibu. Ei inazima moto na kuitisha unachotaka. Huwezi kumaliza na kadi yenye nguvu, na kabla hujamaliza lazima useme “niko kadi”. Ukinyamaza ujifanye mjanja, unaokota. Ukihama mtaa, unakuta sheria zimebadilika kidogo, na mnabishana dakika kumi kabla ya kuanza. Hayo mabishano nayo ni sehemu ya mchezo.

Sasa, pakiti ya dukani ina shida mbili. Ni kubwa, inaonekana mfukoni. Na ukiiweka juu ya kiti cha matatu, mama aliyekaa kando yako anasogeza mkoba wake. Ndiyo maana nilijitengenezea yangu.

Sihitaji kuficha siri. Nunua manila nyeupe kwa bookshop. Kipande cha ukubwa wa A4 kinatosha kadi 42 ukikata kila moja sentimita 3 kwa 4.4, yaani saba kwa upana na sita kwa urefu. Vipande viwili vinatoa pakiti nzima ya 54 na za ziada ukiharibu. Tumia wembe na rula, si makasi, kwa sababu makasi yanapinda na kadi iliyopinda ni kadi inayojulikana. Chora namba kwa kona mbili, alama moja kubwa katikati, usijisumbue na sura za wafalme. Nyuma piga mistari ya kalamu ya bluu, iliyobanana, ile ile kwa zote, maana manila ikielekezwa kwa jua inaonyesha mwenzako kila kitu. Pakiti yangu ya kwanza ilikuwa na saba ya maua yenye kona iliyokunjika. Binamu yangu alinichapa wiki nzima kabla sijashtuka. Ukimaliza, panga zote ndani ya sanduku tupu la kiberiti. Zinaingia.

Pakiti hiyo imeshaenda nami Kitale hadi Bungoma mara nyingi kuliko mzigo mwingine wowote. Matatu ikingoja kujaa, tunacheza. Tukipita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, bado tunacheza, kadi zikiwa juu ya daftari. Kuna mzee tulianza naye Kitale bila hata salamu, na kufika Webuye ananionya ninavyochezesha ei zangu ovyo.

Najua mtakachosema. Kwamba kuna watu wanacheza kadi kwa pesa. Ni kweli. Nimeona mtu wa boda akipoteza pesa ya mafuta nyuma ya soko kabla ya saa nne asubuhi, na sikufurahi. Lakini yule aliyechukua pesa yake alikuwa mbele yake, anajulikana kwao, na walipochoka wakaenda. Kandege hakachoki. Kanakuita saa nane usiku, kwa jina lako.

Mtasema pia, si upakue mchezo wa kadi kwa simu? Nilipakua. Katikati ya raundi ya pili tangazo la kamari likaruka kwa skrini. Nikaufuta.

Mwaka jana nikiwa Bungoma kwa kukhu, khocha wangu aliona kile kiberiti. Ni mzee wa kanisa, mtu ninayemheshimu.

“Kijana ya dadangu,” akasema, “hii si ndiyo ile kitu ilikutoa chuo?”

“Hapana, khocha. Ile ilinitoa chuo iko hapo kwa mfuko yako.”

Nilisema kwa heshima, lakini nilisema. Simu yake ilikuwa imelia mara mbili tukila, na wote tulijua ni mechi za Jumamosi. Aliitoa, akaiangalia, akairudisha. Kimya. Kukhu ndiye aliyevunja ule ukimya: alitaka kujua kama nitagawa au nitahubiri.

Nikagawa. Khocha alicheza mpaka giza likaingia, na simu ililia tena bila kuguswa. Sisemi aliacha. Sijui alichofanya alipofika kwake. Nasema jioni moja, kwa saa tatu hivi, hakuna aliyepoteza kitu katika ile nyumba.

Kwa hivyo, mwalimu, ukipata watoto wanne nyuma ya bweni, hesabu kwanza kama kuna pesa chini. Kama hakuna, kaa nao raundi moja. Mzee wa kanisa, kabla ya kukemea karata kwa mimbari, uliza ni wangapi kwa hizo viti wana bet inayosubiri filimbi ya mwisho. Na wewe msee wangu, uliyesoma mpaka hapa na bado una salio la kujaribu bahati, manila haifiki bei ya chapati mbili. Kata leo.