Maji Kujaa na Maji Kupwa

Wahenga wa pwani walisema, "Maji yakijaa hupwa." Kwa mtu aliyekulia kando ya Ziwa Viktoria, ambako jambo hilo halitambuliki kwa macho, methali hiyo ni mfano wa maisha tu. Kwa mvuvi wa Unguja ni saa yake ya kazi.

Asili ya jambo hili ni mwezi. Mwezi una nguvu ya kuvuta, nayo maji ya bahari huitii. Bahari huinuka upande unaoelekea mwezi, na pia upande wa pili wa dunia, ambako mvuto huo ni hafifu zaidi. Kwa kuwa dunia hujizungusha, pwani nyingi hupata maji kujaa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50. Jua nalo huvuta, ijapokuwa kwa nguvu pungufu. Siku za mwezi kuandama na za mwezi mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja. Ndipo bamvua hufika, na huko Unguja tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku za mwezi nusu, mivuto hiyo hupingana, maji yasijae sana wala yasipwe sana. Hayo huitwa maji mafu.

Kukosea hesabu ya maji huweza kulipiwa kwa damu. Tarehe 20 Novemba 1943, askari wanamaji wa Marekani walikishambulia kisiwa cha Betio, huko Tarawa katika Bahari ya Pasifiki, kilichoshikwa na Wajapani. Maji hayakupanda vya kutosha juu ya miamba ya matumbawe. Mashua zikakwama, na askari wakalazimika kutembea majini mamia ya mita mbele ya bunduki za adui. Wamarekani wapatao 1,000 walikufa katika vita hivyo. Mwaka 1987, mwanafizikia Donald Olson alionyesha kwa hesabu kwamba mwezi siku hiyo ulikuwa nusu, tena mbali na dunia kuliko kawaida.

Jamaa wanaozuru pwani nao wajihadhari. Watoto wasiachwe kwenda mbali mwambani maji yanapokupwa, kabla ya kuijua saa ya kurudi kwake. Usiku watazame mwezi, asubuhi wawaulize wavuvi. Maji yaliyokwenda yatarudi, nayo hayapigi hodi.