Batman asiye na falanga

Vijana wa hapa Kamina ninaosoma nao katuni wamegawanyika wiki hii kwa sababu ya Batman. Ugomvi wenyewe ni juu ya huyu wa Absolute Batman, mfululizo ulioanza Oktoba 2024, mwandishi Scott Snyder, mchoraji Nick Dragotta. Tunausoma kwa Kifaransa kwenye simu, tukivuta ukurasa kwa vidole mpaka maneno yasomeke. Bruce Wayne wa humu hakurithi jumba wala mabilioni. Baba yake alikuwa mwalimu, akapigwa risasi siku aliyowapeleka wanafunzi kuangalia wanyama. Mama yake yu hai, anafanya kazi serikalini, na Bruce mwenyewe ni mhandisi. Mwanafunzi mmoja wa sekondari alinijia na kinyongo kabisa: “Yaya, Batman bila falanga ni Batman gani? Huyo ni sisi tu.”

Alisema hivyo kwa kulaumu. Mimi kwangu hapo ndipo kitabu kilipopata uhai. Tazama alama ya popo kifuani: inang’oka, inachomekwa kwenye mpini, inakuwa shoka. Tajiri angenunua silaha, huyu ameitengeneza. Halafu rafiki zake wa utotoni, anaocheza nao karata, ni Waylon, Oswald, Harvey na Edward. Msomaji wa zamani akiyaona majina hayo anashtuka, maana ndio maadui wakubwa wa Batman wa siku zote. Unawaona wanacheka mezani, na wewe tayari unajua nani atamgeuka nani. Ukitoka mtaa mmoja na mtu, ukala naye, kisha akawa jambazi, kumpiga ngumi si jambo jepesi. Batman wa jumbani hakuijua sana shida hiyo.

* * *

Spider-Man mpya naye ana mke na watoto wawili. Ultimate Spider-Man ya Jonathan Hickman na Marco Checchetto ilianza Januari 2024, na Peter Parker wa humo anapata nguvu zake akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Wababa wa kundi letu wameipenda mno. Vijana wanasema inachosha. Ngojeni muoe.

* * *

Kila tukibishana, lazima mtu amtaje Batwing, na mimi lazima nikasirike.

Kwa wasiomjua: Septemba 2011 kampuni ya DC ilitoa namba ya kwanza ya Batwing, mwandishi Judd Winick, mchoraji Ben Oliver. Shujaa ni David Zavimbe, Mkongomani mwenzetu, polisi, yatima aliyefiwa na wazazi kwa UKIMWI, akashikishwa bunduki angali mtoto. Batman ndiye aliyempa vazi. Oliver anachora vizuri sana, nyuso za watu unaziamini. Ila David anaishi katika mji unaoitwa Tinasha, na Tinasha hauko Katanga, hauko Kivu, hauko Kasai. Umebuniwa.

Utaniambia Gotham, mji wa Batman, nayo imebuniwa. Kweli, lakini Gotham ina mitaa yenye majina, ina meya, ina wazee wanaokumbuka mji ulivyokuwa. Tinasha una maiti, polisi wala rushwa na jua kali. Nimezipitia kurasa zile mara nyingi na sikumbuki kuona mtu amekaa anakula bukari na sombe. Sikumbuki stesheni, wala mama anayepigania bei ya samaki. Mwandishi aliichukua nchi yetu kama giza la kumng’arisha shujaa, basi. Ndiyo maana haikuwa vigumu kumwondoa. Mwaka 2013, kwenye namba ya 19, vazi likahamia kwa Luke Fox, mtoto wa Lucius Fox, mkubwa wa kampuni ya Wayne kule Gotham. Mfululizo ukafa 2014 kwenye namba ya 34. Shujaa asiye na mtaa hana wa kumlilia.

Linganisha na Unknown Soldier ya Joshua Dysart, iliyowekwa kaskazini mwa Uganda, katika nchi ya Waacholi, mwaka 2002. Pale pana mahali. Na kwenye matoleo mawili kalamu alishika Pat Masioni, Mkongomani aliyeanzia kuchora vitabu vya dini Kinshasa.

* * *

Black Panther alitokea mara ya kwanza 1966, mwaka uleule Élisabethville ilipopewa jina la Lubumbashi. Watu wa Wakanda, nchi yake, walificha madini yao. Ya kwetu, urani ya Shinkolobwe, yalifika Hiroshima ndani ya bomu. Juu yake wiki hii sina zaidi.

* * *

Wale wanaotaka shujaa mwenye mtaa, waende upande wa Kabongo, kwenye ziwa Boya. Huko ndiko masimulizi ya Waluba yanakoweka makao ya Nkongolo, mfalme mwekundu, mlevi, mkatili. Anakuja mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mtu wa adabu asiyekula mbele za watu wala kucheka wazi. Anazaa na dada wa mfalme, mtoto anaitwa Kalala Ilunga. Mtoto anakua, anamshinda mjomba kwenye mchezo, mjomba anaingiwa na wivu.

Sasa fikiria kurasa mbili zinazotazamana. Shimo lenye mikuki chini, mkeka juu yake, na Kalala ameitwa aje kucheza ngoma. Mpiga ngoma anajua siri, hawezi kusema, basi anamwonya kwa mapigo. Kalala anachoma mkeka kwa mkuki wake, unazama. Anaruka juu ya umati na kukimbilia kwa baba yake, na ng’ambo ya Lualaba wavushaji wameagizwa wasimvushe anayemfuata. Baadaye anarudi na jeshi, na Nkongolo anakatwa kichwa.

Hadithi hiyo ilikuwa na kitabu chake hata kabla ya karatasi: lukasa, ubao unaoshikwa mkononi, uliojaa shanga na kauri, ambao watu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa kupitisha vidole, shanga hii mfalme, ile makao yake. Mmoja uko Brooklyn Museum, New York, jiji la Spider-Man. Wachoraji wa kule hawahitaji hata nauli ya ndege kwenda kuutazama.

Kuhusu namna ya kuichora hadithi hiyo, kundi letu limekubaliana Nkongolo apakwe nyekundu ukurasa mzima, bila mstari wa pembeni. Joho limekataliwa kwa kauli moja. Ubishi umebaki kwa Mbidi Kiluwe: yule mwanafunzi anataka avae barakoa. Nimemuuliza ya nini, kwa mtu ambaye hata meno yake watu hawayaoni. Anasema barakoa ndiyo inayouza. Tunaendelea wiki ijayo.