Lubumbashi: Bujie za bei kidogo zinakula pesa ya dereva na gari ya bosi

MAONI – Saa kumi na mbili asubuhi, dereva wa taksi mjini Lubumbashi anawasha gari. Injini inawaka, lakini inatetemeka. Akikanyaga gazi, gari inasita. Fundi wa garaji anafungua, anachomoa bujie nne na kumuonyesha: nyeusi, ncha zimeliwa. Dereva anakimbia kwa muuza vipuri.

«Yaya, nipe ile ya bei kidogo. Bosi anangoja pesa yake magaribi.»

Anatoka na bujie nne ndani ya sanduku lenye jina kubwa la Kijapani, kwa bei isiyofanana kabisa na jina hilo. Wiki tatu baadaye gari inatetemeka tena. Madereva wengi wa mji huu wanaijua hadithi hii, na wengi wanamlaumu muuzaji. Muuzaji ana kosa lake. Lakini kosa la kwanza liko kwenye mapatano kati ya mwenye gari na dereva.

Katika mapatano mengi, ambayo ni ya mdomo tu, injini ni ya bosi na vitu vidogo ni vya dereva: taa, pancha, bujie. Dereva hajui kama mwezi ujao gari itakuwa bado mikononi mwake. Kwa nini anunue bujie ya kudumu miezi saba? Ananunua ya kumfikisha jioni. Hesabu yake ni ya mtu mwenye akili. Ni mapatano yenyewe ndiyo mabaya.

Hebu hesabu ifanywe vizuri. Bujie ya kawaida ya nikeli, ikiwa ya kweli, inakwenda karibu kilometa 30.000. Taksi inayotembea kilometa 150 kwa siku itazimaliza kwa siku 200. Bujie ya uongo ikidumu mwezi mmoja, katika siku hizo hizo 200 dereva atanunua karibu mara saba. Hizo ni bujie 28 badala ya 4. Na hapo esansi haijahesabiwa. Silinda moja isipowaka vizuri, esansi yake inatoka mbichi kwenye ekzozi, na nyingine inashuka na kuosha oili kwenye ukuta wa silinda. Esansi analipa dereva. Silinda atalipa bosi.

Sasa, ni bujie gani ya kununua? Wauzaji wengine wanasukuma ile ya iridiumu, wakisema inaongeza nguvu. Iridiumu ni nzuri na inaweza kufika kilometa 100.000, lakini haiongezi nguvu kwenye injini iliyochoka. Gari inayokula oili itaichafua sawa na bujie yoyote, na pesa nyingi itakuwa imepotea. Kama kitabu cha gari hakidai iridiumu, dereva wa kipato kidogo atafute bujie ya nikeli ya kweli, yenye namba sahihi.

Namba ndiyo muhimu kuliko jina. Chukua K16R-U11 ya Denso na BKR5EYA-11 ya NGK, zinazotumika kwenye injini za Toyota kama 1NZ-FE. Herufi R inamaanisha kuna kizuizi cha umeme ndani, kinachozuia kelele kwenye redio na kulinda vifaa vya elektroniki vya gari. Namba 11 ya mwisho ni nafasi kati ya ncha mbili: milimita 1,1. Namba 16 ya Denso, ambayo ni sawa na 5 ya NGK, inaonyesha namna bujie inavyotoa joto. Kwa Denso na NGK, namba ikipanda bujie ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion hesabu inaenda kinyume. Bujie ya baridi kupita kiasi inajaa masizi. Ya moto kupita kiasi inawasha esansi kabla ya wakati wake, na hapo pistoni inaweza kutoboka. Kwa hiyo jibu la «hii inaingia, uzi ni ule ule» halitoshi. Bujie nyingi zina uzi wa milimita 14. Kuingia si kufaa.

Tena dereva asinakili tu namba ya bujie ya zamani. Gari nyingi za hapa zilitoka Japani zikiwa zimetumika na kupita mikononi mwa mafundi wengi, na pengine mmoja wao aliweka bujie isiyo yake. Namba ya injini iliyoandikwa ndani ya boneti ndiyo ya kumpa muuzaji mwenye katalogi.

Kutambua bujie ya uongo si kazi ya mhandisi. Tazama maandishi juu ya kaure nyeupe: kama yanafutika kwa kidole, iache. Tazama ncha mbili kama zimekaa sawa, moja juu ya nyingine. Tazama uzi kama ni safi, na ringi ya chini kama haitoki ovyo. Fundi mwenye kipimo cha umeme apime kutoka juu hadi ncha ya katikati: bujie yenye R inatoa karibu ohm 5.000. Ikionyesha sifuri, herufi R imeandikwa bure. Na kama bei iko chini sana kuliko ya maduka mengine yote, bei yenyewe imekwisha kusema.

Kuna pia bujie za zamani zinazosuguliwa kwa brashi ya chuma na kuuzwa tena. Zinang'aa, lakini brashi inaacha chembe za chuma kwenye kaure, na umeme unatafuta njia hapo badala ya kuruka kwenye ncha. Ncha ya bujie mpya ina kona kali. Ikiwa ya mviringo, imetumika.

Kabla ya kutupa zile za zamani, dereva azisome. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu inaonyesha kwamba injini ni nzima. Nyeusi na kavu: esansi nyingi kuliko hewa, na mahali pa kuanzia ni filtre ya hewa, hasa wakati wa kiangazi ambapo vumbi la Lubumbashi linaingia kila mahali. Nyeusi yenye oili: segimenti au mipira ya valvu imechoka. Nyeupe yenye malengelenge: injini inapata joto kupita kiasi. Bujie mpya haiponyi ugonjwa wowote kati ya hiyo mitatu ya mwisho. Ndiyo maana kuna madereva wanaobadilisha bujie kila mwezi na kuambiwa kila mara kwamba zilikuwa mbaya, wakati ubaya uko kwengine.

Kazi ya kubadilisha, dereva anaweza kuifanya mwenyewe na ufunguo wa bujie. Injini iwe baridi, kwa sababu kichwa chake ni cha aluminiamu na uzi wake unaharibika haraka. Vumbi lipulizwe kabla ya kufungua, lisianguke ndani. Bujie mpya iingizwe kwa vidole mpaka ikae, kisha ufunguo uizungushe nusu mzunguko au zaidi kidogo, isizidi theluthi mbili. Iliyoanguka kwenye sementi isiwekwe: kaure inaweza kuwa imepasuka bila kuonekana.

Lakini maarifa haya yote hayatasaidia kama dereva anaendelea kununua kwa hofu ya jioni. Ni lazima bosi alipie bujie, kama anavyolipia injini. Bujie iko ndani ya injini, na ikiharibika inaharibu injini.

Wenye magari wana jibu lao, nalo si la kupuuza. Wanasema: ukimpa dereva bujie nzuri, ataziuza na kurudisha za zamani. Hilo hutokea. Hata hivyo, dawa ya wizi ni uangalizi. Bosi na dereva wafanye kazi hiyo pamoja, siku ya Yenga. Bosi anunue mwenyewe, atie alama ya rangi juu ya kila bujie, na apokee zile nne za zamani mkononi. Kisha waandike kwenye daftari linalobaki ndani ya gari: tarehe, kilometa, namba ya bujie, na nani alilipa. Kila kilometa 10.000 wazichomoe na kuzitazama. Kwa upande wake, dereva asimamishe gari mara inapoanza kusita, asingoje magaribi.

Daftari hilo litamlinda dereva pia. Injini ikikufa leo, bosi anasema dereva ameiua, na dereva hana la kujibu. Wengine wamepoteza kazi hivyo, pengine kwa kosa la injini iliyokuwa imechoka kabla hawajaipokea. Mwenye karatasi ana la kuonyesha.

Chama cha madereva hakihitaji kungoja sheria mpya ili kuanza. Mapatano kati ya watu wawili yanaweza kubadilishwa Yenga hii, kwenye uwanja wa nyumba ya bosi, gari ikiwa imepoa na bujie nne zikiwa mezani. Dereva ambaye hajasemeshwa na bosi wake kuhusu jambo hili, amwendee yeye wa kwanza, na amchukulie zile bujie nyeusi azione kwa macho yake.